Kahambu Amechelewa Tena

Saa mbili kasoro, chaki mkononi,
nimekwisha kumchora kaboni ubaoni:
duara moja, mikono minne,
kama mama wa Ndosho
mwenye mtoto, mzigo, mwavuli na deni.

Kahambu anaingia, sketi imelowa upande mmoja.
Kituku, mwalimu. Foleni.
Bidoni tatu za njano, na yule kijana wa klorini
kidole gumba kimemvimba kwa kusukuma sindano.
Ziwa lote lile, na bado tunapimiana kwa bidoni.
Keti, namwambia. Ukurasa wa arobaini.

Haketi. Anamnyooshea kidole yule wa ubaoni.
“Mwalimu, ni lazima awe huyu?
Huko kwenye nyota ambazo moshi wa Nyiragongo
huzifunika na kuzifunua,
hakuna kiumbe asiye na makala mwilini,
asiyejua hata tone la maji?”

Darasa linacheka. Mimi sicheki.

Nikamchora jirani yake, silikoni.
Naye ana mikono minne,
naye ndiye aliyejaa katika jiwe hili jeusi
tulilolijengea ukuta, linalotutoboa viatu,
lililoshuka mwaka ule likiwa uji mwekundu
likamla baba cherehani, kitanda, na mlango aliokuwa amekwisha kuufunga.
Ila mikono yake mizito.
Akimshika oksijeni hamwachii tena,
kama mlevi na rafiki wa usiku mmoja.
Sisi tukipumua, hutoka hewa.
Yeye akipumua, utatoka mchanga.
Fikirieni, nikawaambia: kikohozi cha changarawe,
busu la kioo,
kitoto kinalia na kokoto zinamwagika sakafuni.

“Na maji?”
Kuna mwezi wa mbali, nikasema, baridi yake haina jina,
mvua yake methani, maziwa yake methani,
gesi ileile iliyolala chini kabisa ya Kivu
ikingoja tuichokoze.
Huenda kuna kitu huko kinaogelea polepole,
kinachotumia miaka mia kumaliza wazo moja.
Huenda.
Mkiulizwa sayansi ni nini, anzieni hapo.

Lakini nilikuwa nasema tu. Moyoni nilikuwa bondeni.
Nani hapa Goma asiyejua
kwamba kaboni ni mama na ni mchawi?
Mazuku hutambaa alfajiri, haina rangi, haina mguu,
huanza na wafupi:
kuku, mbuzi, mtoto aliyeinama kuokota mpira.
Mwezi uliopita mbuzi wa kina Kahambu
alikutwa shimoni amepiga magoti,
majani bado mdomoni.
Na mama mtu yuko Birere anauza makala,
kaboni kwenye kucha, kaboni kwenye kanga,
kaboni kwenye noti anazoniletea za ada.
Maji nayo, tukiyapata, tunayaogopa.
Si upuuzi basi mtoto kuuliza
kama kuna mahali walikotia saini mkataba mwingine.

Kengele ilikuwa karibu. Akauliza la mwisho,
taratibu, kama anayeogopa kuvunja kitu:
“Sasa hao watu wa mawe, mwalimu,
wao wanapanga foleni ya nini?”

Kitabu changu hakina ukurasa huo.

Jioni umeme umekatika, kama kawaida.
Nimekaa juu ya ukuta, mlima umewasha tumbo lake,
chukudu moja inashuka na magunia, breki yake ni soli ya kiatu.
Naligonga jiwe kwa pete. Mara mbili.
Kama kuna mtu humo ndani, ana njaa;
sijui ya nini: ya joto, ya tetemeko,
ya jiwe jingine lililoko kando.
Kisichokosa kitu hakiishi. Kipo tu.

Jiwe halikujibu.
Au limeanza kujibu, na mimi sina miaka mia.

Nikafungua daftari la mahudhurio, tochi kwenye meno.
Kando ya jina lake nilikuwa nimeandika: kachelewa.
Nikalikata.
Nikaandika: alikuwa maabara.